Kutoka Mchoro wa Saketi hadi Bodi: Uteuzi wa Programu ya Usanifu na Nafasi ya Kiswahili katika Ukanda wa Ziwa Viktoria

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna ya kuteua programu ya tarakilishi inayotumiwa kugeuza mchoro wa saketi kuwa mpangilio wa bodi. Mfano unaoongoza mjadala ni bodi ya kudhibiti chaji ya taa ya kuvulia omena katika Ziwa Viktoria upande wa Kenya. Hoja kuu ni kwamba uteuzi huu hauishii kwenye bei na wepesi wa kazi. Ni uamuzi kuhusu nani atakayeweza kuufungua usanifu, kuusoma na kuurekebisha miaka mingi baadaye, na kwa lugha gani. Makala inaeleza dhana za msingi, inajadili istilahi, inatoa vigezo vya uteuzi na kulinganisha programu kadhaa, kisha inaonyesha kazi inayowasubiri wanafunzi wa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Omena huvuliwa usiku, hasa katika siku za giza la mwezi, kwa kuwa mwanga wa taa juu ya maji huwavuta samaki hao wadogo hadi karibu na wavu. Kwa miongo mingi wavuvi wa Dunga, Usenge, Mbita na visiwa vya Rusinga na Mfangano walitegemea karabai zinazochoma mafuta ya taa. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ilifungua kituo huko Mbita, ambapo wavuvi waliweza kukodi taa na betri zilizochajiwa kwa nguvu za jua. Tangu wakati huo taa za LED zinazotumia betri zimezidi kuonekana ziwani usiku.

Ndani ya mfumo wa taa ya aina hii mna bodi ndogo ya saketi. Kazi yake ni kuzuia betri isichajiwe kupita kiasi mchana na isikamuliwe kupita kiasi usiku. Kwa betri ya risasi ya volti 12, uchajishaji hupunguzwa inapofika takribani volti 14.4, na taa hukatwa betri inaposhuka kufikia karibu volti 11. Bodi ikikosa kufanya hivyo, betri hufa mapema, na betri ndicho kifaa cha gharama kubwa kuliko vyote katika mfumo mzima.

Fundi anayejua kulehemu anaweza kuing'oa transista iliyoungua na kuweka nyingine. Hata hivyo, akitaka bodi bora kuliko ile iliyoharibika, bodi inayostahimili unyevu wa ziwa na inayotumia vipuri vinavyopatikana nchini, hana budi kuisanifu upya. Hapo ndipo swala la programu linapozuka. Mwanafunzi wa Kiswahili naye anaweza kuuliza: swala hili linamhusu nini mtu wa lugha na fasihi? Jibu ni kwamba kila programu huja na lugha yake. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Katika karakana za Kisumu, fundi na mwanagenzi wake huelewana kwa Kidholuo na Kiswahili. Pindi wanapoketi mbele ya tarakilishi, lugha hizo zote mbili hunyamazishwa.

2.0 Mchoro na Bodi: Dhana za Msingi

Usanifu wa bodi huanza na mchoro wa saketi. Mchoro huu hueleza vipuri vinavyohitajika na jinsi vinavyounganishwa. Hauelezi kila kipuri kitakaa wapi wala kina ukubwa gani. Mpangilio wa bodi ndio unaojibu maswali hayo. Tofauti baina ya viwili hivi inafanana na tofauti baina ya nasaba na boma. Nasaba hueleza nani ni mwana wa nani. Boma huonyesha nyumba ya nani imejengwa wapi, na katika boma la jadi la Waluo nyumba ya mke mkubwa hukabili lango. Mtu anaweza kuijua nasaba yote bila kuijua njia ya kufika nyumbani. Hata hivyo, boma lisilofuata nasaba huleta mgogoro.

Kazi ya programu ni kuhakikisha kwamba boma halipingani na nasaba. Hatua zake ni hizi:

(i) Msanifu huchora mchoro kwa kutumia alama za rezista, kapasita, diodi, transista na kadhalika.

(ii) Kila alama hupewa unyayo, yaani umbo halisi la shaba ambapo miguu ya kipuri itasimama na kulehemiwa.

(iii) Programu hutoa orodha ya miunganisho inayoonyesha mguu upi unaungana na upi.

(iv) Vipuri hupangwa juu ya bodi, na njia za shaba huchorwa kuviunganisha.

(v) Programu hukagua kama kuna muunganisho uliosahauliwa, au njia zilizokaribiana mno.

(vi) Hatimaye hutolewa faili za kupelekwa kiwandani, aghalabu za muundo uitwao Gerber, pamoja na faili ya kutoboa matundu.

Hatua ya pili ndiyo inayowaponza wanagenzi wengi. Chukua transista mbili zinazotumiwa sana, BC547 na 2N3904. Alama yao katika mchoro ni ileile, na vibumba vyao vinafanana kwa macho. Lakini ukizitazama upande ulio bapa, miguu ikielekea chini, ya kwanza huanza na kolekta kushoto na ya pili huanza na emita. Anayechora kwa kutumia unyayo wa moja kisha akanunua nyingine katika Barabara ya Luthuli jijini Nairobi atapata bodi iliyo sahihi katika tarakilishi na isiyofanya kazi mkononi. Ukaguzi wa programu hautamwonya, kwa kuwa programu huamini kile ilichoambiwa.

3.0 Istilahi: Pale Tafsiri ya Neno kwa Neno Inapokwama

Kabla ya kulinganisha programu ni muhimu kuyapima maneno yenyewe. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, iliweka msingi wa istilahi za sayansi shuleni na vyuoni. Usanifu wa bodi, hata hivyo, una dhana zake mahususi.

Kwanza, neno "mzunguko" lingeweza kutumiwa badala ya "saketi". Lakini mzunguko ni wa damu, wa maji, wa mwezi na hata wa fedha. Saketi ni neno la mkopo lililokwisha kuzoeleka, na halina utata.

Pili, neno la Kiingereza linalotumiwa kwa kundi la miguu iliyounganishwa pamoja ndilo lilelile linalotumiwa kwa chombo cha kuvulia samaki. Mfasiri mwenye haraka ataandika "orodha ya nyavu". Mwanagenzi wa Usenge akiisoma menyu hiyo atafikiri programu inamuuliza habari za uvuvi. "Orodha ya miunganisho" huieleza dhana yenyewe bila kulifuata neno la kigeni.

Tatu, sehemu ya saketi inayohesabiwa kuwa volti sifuri huitwa kwa Kiingereza kwa neno lenye maana ya ardhi. Taa ya omena huelea juu ya maji, na hakuna waya wake unaofika ardhini. Kumwambia fundi aunganishe mguu fulani na "ardhi" ni kumpotosha, hasa kwa vile waya wa ardhi katika umeme wa nyumba una kazi nyingine kabisa, ile ya usalama. "Sifuri ya saketi" ni istilahi iliyo wazi zaidi.

Nne, tundu linalopitisha umeme kutoka tabaka moja la shaba hadi jingine lingeweza kuitwa "kipenyo", kwa kuwa hupenya. Hata hivyo neno hilo limekwisha kupewa kazi katika hisabati, nalo hutajwa katika sentensi ileile linapopimwa tundu. "Tundu la kupitisha" halileti mgongano huo.

Tano, "unyayo" ni istilahi inayofaa kwa sababu kipuri kina miguu. Nchini Kenya wingi wake, "nyayo", ulipata maana ya kisiasa tangu mwaka 1978, ulipofanywa kaulimbiu ya utawala wa Rais Daniel arap Moi. Katika karakana muktadha unatosha kuondoa utata huo.

Mifano hii inaonyesha kwamba istilahi bora hutokana na kuijua kazi yenyewe. Mfasiri asiyewahi kushika chuma cha kulehemu atatafsiri maneno na kuziacha dhana.

4.0 Vigezo vya Uteuzi

4.1 Uhusiano wa mchoro na bodi
Programu inapaswa kuviunganisha viwili hivi kiasi kwamba badiliko katika mchoro hujulikana katika bodi. Programu ya kuchorea picha tu inaweza kutoa bodi ya kupendeza, lakini haiwezi kugundua muunganisho uliosahauliwa.

4.2 Kanuni zinazorekebishika
Paneli ya jua ya wati 50 kwa mfumo wa volti 12 huweza kutoa mkondo wa karibu ampea 3. Kwa shaba ya unene wa maikromita 35, njia ya nje inayobeba mkondo huo huhitaji upana wa takribani milimita 1.4 ili joto lisipande zaidi ya nyuzi 10 hivi. Programu nyingi huanza na njia ya robo ya milimita au chini ya hapo. Mwanagenzi asiyebadilisha kanuni hiyo hupata njia inayochemka. Basi programu iruhusu njia za mkondo mkubwa ziwekewe kanuni zao, na za mkondo mdogo zao.

4.3 Mazingira ya kazi
Umeme na mtandao hukatika. Programu inayohitaji mtandao kila inapofunguliwa humfunga mikono fundi aliye Mfangano kuliko aliye katikati ya Kisumu. Aidha, tarakilishi zinazopatikana huwa za mitumba, kwa hiyo uzito wa programu uzingatiwe.

4.4 Njia ya kutengeneza bodi
Bodi inaweza kuagizwa kutoka viwanda vya China, au kutengenezwa nyumbani: mpangilio huchapishwa kwa printa ya leza, wino ukahamishiwa kwenye shaba kwa pasi ya kupigia nguo, na shaba isiyotakiwa ikaliwa na kloridi ya chuma. Kwa njia ya pili programu lazima iruhusu kuchapisha kwa kipimo halisi, na usanifu uwe wa tabaka moja lenye njia pana. Ikumbukwe kwamba maji yaliyobaki huwa na shaba iliyoyeyuka, ambayo ni sumu kwa samaki. Hayafai kumwagwa mtaroni, kwani mitaro ya Kisumu huelekea ziwani. Bodi iliyokusudiwa kumfaa mvuvi isiwe chanzo cha kumuulia samaki.

4.5 Umiliki wa faili
Kigezo hiki ndicho kizito kuliko vyote. Usanifu ukihifadhiwa katika muundo unaosomwa na programu moja tu, mwenye programu ndiye mwenye ufunguo. Akipandisha bei au akiifunga biashara, mwenye usanifu hubaki na sanduku asiloweza kulifungua.

4.6 Lugha
Je, maandishi ya menyu na jumbe za makosa yanaweza kutafsiriwa na watumiaji wenyewe, au ni lazima wamsubiri mwenye kampuni?

5.0 Ulinganisho wa Programu

Altium Designer ni mrithi wa Protel, programu iliyoanzia Australia mwaka 1985. Mwaka 2024 kampuni ya Altium ilinunuliwa na Renesas ya Japani. Ina uwezo mkubwa na hutumiwa na makampuni yenye bodi za tabaka nyingi. Leseni yake hugharimu maelfu ya dola, kiasi ambacho karakana ndogo haiwezi kukimudu.

EAGLE ilitolewa na CadSoft ya Ujerumani mwaka 1988. Kwa miaka mingi ilikuwa mwalimu wa wanafunzi wengi duniani, kwa sababu ilikuwa na toleo la bure lililoruhusu bodi isiyozidi sentimita 80 za mraba na tabaka mbili. Bodi ya taa ya omena ilitosha ndani ya mpaka huo. Mwaka 2016 ilinunuliwa na Autodesk, na mwaka uliofuata leseni ya kudumu iliondolewa, watumiaji wakatakiwa kulipa ada ya kila mwezi au mwaka. Mwaka 2023 Autodesk ilitangaza kwamba EAGLE ingefikia kikomo tarehe 7 Juni 2026, na wateja wakaelekezwa kwenye programu yake ya Fusion, inayotegemea akaunti ya mtandaoni. Kisa hiki ndicho ushahidi bora wa kigezo cha umiliki. Hakuna kosa lililofanywa na mwanafunzi aliyejifunza EAGLE. Ilitosha tu kwamba uamuzi ulikuwa mikononi mwa mwingine. Kinga yake ilikuwa moja: tangu toleo la 6, faili za EAGLE ziliandikwa kwa muundo wa matini unaosomeka, na kwa hiyo programu nyingine ziliweza kujifunza kuzisoma.

EasyEDA ilibuniwa China, nayo hufanya kazi ndani ya kivinjari cha mtandao, ingawa lipo pia toleo la kusakinishwa. Ni nyepesi kujifunza, na imeunganishwa na duka la vipuri na kiwanda cha bodi, hivi kwamba msanifu anaweza kuagiza palepale. Faida hiyo ndiyo pia mtego wake. Vipuri vinavyopendekezwa ni vya duka hilo, wala si vya Barabara ya Luthuli.

Fritzing ilianzia Potsdam, Ujerumani. Huonyesha picha za vipuri na nyaya kama zinavyoonekana mezani, jambo linalomfaa mwanafunzi wa mwanzo. Kwa bodi yenye mkondo mkubwa na kanuni kali haitoshi.

KiCad ilianzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras, mwalimu wa chuo huko Grenoble, Ufaransa. Msomaji wa Kiswahili ataona kama kwamba jina hili ni la ngeli ya KI-VI, lakini halina nasaba na Kiswahili. Ni programu huria: hailipiwi, haiwekei mipaka ukubwa wa bodi, na yeyote anaruhusiwa kuisoma na kuibadilisha. Katika miaka ya 2010 wahandisi wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko Uswisi, walichangia pakubwa kuiboresha. Hufanya kazi bila mtandao katika Windows, Linux na macOS. Faili zake ni matini yanayosomeka, na tangu toleo la 5 la mwaka 2018 inaweza kufungua usanifu wa EAGLE. Ina kikokotoo cha upana wa njia, na huchapisha kwa kipimo halisi. Kasoro zake ni kwamba mwanzo wake ni mgumu kidogo, matoleo yake mapya hayazipendi tarakilishi kuukuu mno, na msanifu hulazimika kuzikagua nyayo za vipuri mwenyewe.

Kwa kuzingatia vigezo vyote sita, KiCad ndiyo inayofaa zaidi kwa karakana na vyuo vya ukanda wa ziwa. Anayejifunza bila kuwa na tarakilishi yake mwenyewe anaweza kuanza na EasyEDA katika chumba cha tarakilishi cha chuo, mradi ahifadhi nakala ya mchoro wake na faili za Gerber mahali pengine.

6.0 Kazi ya Wanafunzi wa Kiswahili

Maandishi ya menyu za KiCad huwekwa katika faili za kando, nje ya msimbo wa programu. Mtafsiri hahitaji kuwa mwanaprogramu. Njia hii si ngeni katika Afrika Mashariki. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu ya ofisi ya OpenOffice.org kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Mradi huo ulithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba menyu nzima, mradi kuwe na watu waliokubali kuketi na maneno moja baada ya jingine.

Wanafunzi wa Kiswahili wa Maseno, au wa Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga huko Bondo, wamo katika nafasi nzuri ya kuifanya kazi kama hiyo kwa sababu karakana hazipo mbali nao. Hatua tatu zinapendekezwa. Kwanza, wakusanye maneno ambayo mafundi wanayatumia tayari wanapofundishana, yawe ya Kiswahili, ya Kidholuo au ya mkopo. Pili, wayapime kwa vigezo vya istilahi: uwazi, ufupi, kutogongana na istilahi nyingine, na uwezo wa kuzaa maneno mengine. Tatu, waanze na jumbe za makosa kabla ya menyu. Menyu hukaririwa hata na asiyeijua lugha, kwa mahali ilipo. Ujumbe wa kosa ni sentensi kamili yenye sababu, na asiyeuelewa hana la kufanya ila kubahatisha. Ujumbe unaosema "Njia mbili zimekaribiana kuliko kanuni inavyoruhusu" humfundisha mwanagenzi kosa lake papo hapo.

Ipo hoja pinzani kwamba fundi atakayenunua vipuri na kusoma karatasi za vipimo vyake atahitaji Kiingereza tu, na kwa hiyo tafsiri ni kupoteza wakati. Hoja hii ina ukweli ndani yake, kwa kuwa karatasi hizo zimeandikwa kwa Kiingereza. Hata hivyo inachanganya mambo mawili. Karatasi ya vipimo husomwa kwa ajili ya tarakimu zake, na tarakimu hazina lugha. Usanifu ni kufikiri: kuuliza kwa nini njia hii iwe pana, kwa nini kapasita ile iwe karibu na mguu huu. Fikra za namna hiyo huanza katika lugha ambayo mtu huulizia maswali yake bila hofu ya kuchekwa.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba programu ya kugeuza mchoro wa saketi kuwa bodi yafaa iteuliwe kwa kuangalia uhusiano wa mchoro na bodi, kanuni zinazorekebishika, mazingira ya kazi, njia ya utengenezaji, umiliki wa faili na lugha. Kisa cha EAGLE kimedhihirisha kwamba urahisi wa leo unaweza kuwa kifungo cha kesho. Kwa fundi wa ukanda wa ziwa, usanifu wa taa ya omena una thamani pale tu unapoweza kufunguliwa tena betri za aina nyingine zitakapoingia sokoni, na kufunguliwa na mtu asiyekuwa yeye aliyeuchora. Programu huria imeuacha mlango wazi kwa upande wa faili. Upande wa lugha ungali unawasubiri wenye lugha, nao hawana sababu ya kungoja mwaliko.